Kopo la Magamba Lililonadiwa

Jumapili, 8 Juni
Ibada ndefu, mnada wa sadaka mrefu zaidi. Mikungu ya ndizi, jogoo aliyegoma kushikwa, halafu kopo la unga mweupe kutoka kwa shemeji yangu Elibariki. Magamba ya bahari yaliyosagwa. Kalsiamu ya asili, eti inashusha sukari. Kule mtaani Moshono anaiuza akiwa kwenye suti. Hapa kijijini Akheri kaileta kama sadaka. Mjanja. Huku kwetu kinachonadiwa kanisani kimeshaombewa, na kilichoombewa hakibishiwi. Mke wangu alipandisha bei mpaka wenzake wakachoka. Nikapiga makofi. Kipara chote hiki, napigia makofi upuuzi.

Jumatano, 11 Juni
Mke wangu, Mama Neema, anatia vijiko viwili kwenye uji wake. Nimeonja. Chokaa. Kuku wangu wa mayai wanalishwa magamba hayohayo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kutoa ushuhuda. Nimemwambia Mama Neema. Hakucheka. Kwa kawaida hunichekea, hata kwa huruma tu.

Jumatatu, 16 Juni
Vidonge vyake vya sukari, vya hospitali, viko palepale. Hajagusa tangu siku ya mnada. Anasema kuombewa halafu kumeza vidonge ni kumwambia Mungu huna hakika naye. Hayo kafundishwa na mdogo wake, aliyefeli bayolojia mpaka mwalimu akamhurumia. Namdharau. Nimeandika na sifuti.
Kiatu kimemkata kidole cha mguu. Kidonda hakikauki.

Alhamisi, 19 Juni
Elibariki kaja kumwona dada yake. Kidole kimevimba, kina usaha. Kasema ni sumu inatoka. Sumu! Huku anakoroga kijiko cha nne cha sukari kwenye chai yetu.
"Shemeji, imani yako ndogo."
"Ndogo, ndiyo. Lakini mguu ni wa dada yako."
Nikamsindikiza hadi mwisho wa migomba, kwa heshima zote. Nimembembeleza mke wangu twende hospitali. Hataki. Naogopa. Naweza kukabidhiwa mke asiye na mguu, na shemeji akaja kuongoza maombi.

Jumapili, 22 Juni
Nimefanya kituko. Nimebeba vidonge vya mke wangu, nikaviweka kwenye meza ya sadaka kati ya mayai na maparachichi. Mchungaji akaniangalia, akamwangalia Mama Neema na kile kiguu chake kilichofungwa kitambaa. Akaelewa. Akaviombea kwa sauti, tena sana. Mzee wa kanisa akanadi. Nikataja bei. Hakuna aliyepandisha. Nikajipandishia mwenyewe, mara mbili, kama mwehu. Akina mama wakaangua kicheko. Mke wangu alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka machozi.
"Baba Neema, utaniua kwa aibu."
Bora aibu.
Tumetoka kanisani moja kwa moja hadi hospitali.

Jumanne, 24 Juni
Wamemlaza. Daktari kasema kalsiamu ina kazi yake kwenye mifupa, si badala ya dawa ya sukari. Wamesafisha kidonda. Kidole kinabaki. Tungengoja zaidi, kasema, halafu hakumalizia.
Elibariki kapiga simu kuuliza kama dada yake alimaliza kopo. Nikakata simu. Sina tusi la ukubwa wake.

Jumapili, 29 Juni
Mama Neema karuhusiwa jana. Hatukwenda kanisani. Mvua nyepesi, Mlima Meru hauonekani. Mama Neema kala uji, kameza kidonge bila kuniangalia. Nami nikajifanya natazama nje.
Unga uliobaki kwenye kopo nimewachanganyia kuku. Wamekula wote.