Baraza Lisimame Peke Yake

Hewa Bora, Lubumbashi

Kaka Shabani,

Shikamoo. Ukimaliza kuipokea hiyo, mpelekee Mama ya kwake, umshike mikono yote miwili kama ninavyofanya mimi. Natumaini mgongo wako umepoa na Mama anakula vizuri. Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Zaidi ya hapo nimechoka, na sikufichi, kwa sababu hata mwandiko wangu utanisema.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Ni ile sauti yako uliyonitumia kwenye simu, Kaka, ndiyo iliyoniletea kesi ndani ya nyumba. Basi safari hii naandika, na barua nampa mama mmoja muuza vitenge anayepitia Kalemie kuvuka ziwa kuja huko Ujiji. Isome polepole, na Mama umsomee yote, usimrukie mahali.

Nianze na paa. Kabla ya mvua tulikuwa tunaiva. Nyumba yetu ni ya mabati, na mabati yetu ni yale membamba, hayana dari chini yake. Ikifika saa nane mchana hata sabuni ya mche inalegea mkononi. Tukawa tunaomba mvua, na mvua ikatusikia, ila ikaja na upepo. Nilikuwa barazani natwanga sombe, kisamvu cha hapa, watoto wako shule, shemeji yako Ramazani yuko kwenye karakana yake ya useremala kule Katuba. Vumbi jekundu likanyanyuka hadi nikawa siuoni ukuta wa jirani. Kisha nikasikia misumari inalia.

Jirani yangu Maman Odile, mwanamke wa Kikatoliki ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli, akapiga kelele kutoka kwake, akiniita jirani kwa Kifaransa: "Voisine, toka mu nyumba! Wacha bile bintu, utanunua bingine."

Nikatoka na mchi mkononi, sijui nilidhani nitampiga nani. Upepo ukaingia chini ya baraza, ukanyanyua mabati ya mbele, na ya mbele yakavuta ya chumbani. Tulikuwa tumeweka matofali juu ya paa ili kulikandamiza, kama wanavyofanya wengi hapa. Tofali moja likaanguka ndani, juu ya mto wa Ramazani. Namshukuru Mungu ilikuwa mchana.

"Tofali juu ya tole ni ya kujidanganya," Maman Odile aliniambia baadaye, huku akinipa chai. "Mupepo haiogopake tofali." Tole ndiyo mabati, Kaka. Wanachukua Kifaransa wanakivika kanzu.

Sasa nikukumbushe lile baraza lilitoka wapi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nalia joto kila siku. Nilimwambia Ramazani kwamba kwetu mtu anakaa nje kivulini, anawaona wapita njia, anasalimiwa, na kwamba mimi si nguo ya kufungiwa sandukuni. Alikwenda akatafuta mbao ndefu, akazitoa kutoka kwenye paa la nyumba moja kwa moja hadi mbele, akanifanyia kivuli kipana kuliko cha mtu yeyote wa mtaa huu. Watu walikuwa wakipita wanamtania kwamba kamshonea mkewe kofia. Nami nimeishi chini ya kofia ile miaka yote hii. Kumbe ndiyo upepo ulipopata pa kushika. Mbao zilikuwa moja, za baraza na za nyumba, kwa hiyo kofia ilipobebwa ikataka kuondoka na kichwa.

Tangu siku hiyo tunalala chini ya hema la plastiki. Watoto wanalala kwa Maman Odile. Mvua ikinyesha nahamisha magodoro, jua likiwaka nayatoa nje, na katikati ya hayo napika. Nimechoka, Kaka. Lakini plastiki ningeivumilia. Kilichonichosha ni Ramazani. Mume wangu ni seremala. Paa la jirani likicheza kidogo tu yeye ana penseli sikioni. La kwake limeng'oka, na yeye anarudi jioni, anakula, anakaa.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamuuliza habari ya nyumba ya Mama unayotaka kuiezeka upya, kwa sababu uliniomba nimuulize. Hapo akaamka. Akaomba chaki, akachora kwenye mlango.

Alisema hivi, na uyashike. Vigae vya udongo unavyovitamani kwa sababu jirani yako ameweka, uviache. Ni kweli vina ubaridi, lakini kuta za marehemu Baba ni za udongo na zimezeeka, hazitabeba mzigo ule. Majani nayo yana ubaridi kuliko vyote, ndiyo maana wenye pesa wa hapa wanajenga vibanda vya majani bustanini kwao wapumzike, lakini yanataka kubadilishwa mara kwa mara na yanaogopa moto wa jiko. Nunua mabati, ila yaliyo mazito, na ya rangi nyeupe au inayokaribia nyeupe, yasinywe jua. Paa liwe la pande nne na mwinuko wa kutosha, upepo uteleze juu yake. Weka dari, na uache matundu ya kutolea joto kati ya dari na mabati. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni, au bora zaidi upate skrubu zenye mpira. Na mbao zifungwe ukutani kwa waya mnene ulioshuka chini ndani ya ukuta. Paa lisilofungwa, alisema, limeazimwa tu.

Kisha nikamuuliza la baraza, maana Mama bila baraza si Mama. Akachora nguzo zake pembeni, mbali na nyumba.

"Barza isishikane na nyumba," akasema. "Iko na miguu yake, mabao yake, na iko chini kidogo ya ile paa kubwa. Mupepo ikitaka barza, ibebe barza. Nyumba inabakia."

Nilifurahi, Kaka. Nikadhani mtu wangu amerudi. Nikamuuliza: na letu je, tutumie tole gani?

Akafuta mikono chaki. "Tole yoyote itaenea," akasema, yaani itatosha. "Ile mabao ya mbele nitaikata. Barza iko ya nani? Mwenye barza anarudia kwabo."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Kaka yako. Minasikia na masikio yangu mu telefone: chumba chako kitakuwa tayari, ukirudia."

Kaka, uliniambia hivi, nimeisikiliza tena: "Chumba chako kitakuwa tayari. Ukirudia kuuliza, nitakuwa nimeshapaka na rangi." Ulikuwa unanitania kwa sababu nilikuuliza mara nyingi. Lakini hapa mtu harudi kwao, anarudia kwao. Hilo ndilo neno lao la kurudi. Yeye alikuwa anavua viatu mlangoni, akasikia chumba, akasikia ukirudia, akaenda kulala na hayo mawili. Kumbe wiki zote hizi nalia na plastiki, yeye anangoja nifunge mizigo.

Nilicheka. Nikamweleza maana yake kwetu. Yeye hakucheka.

"Sawa. Neno nilisikia mubaya," akasema. "Na chumba je? Chumba nacho nilisikia mubaya?"

Na chumba kipo, Kaka. Mimi ndiye niliyekuomba ukihifadhi. Mimi ndiye niliyekuuliza kila mara kama mchwa wameingia mlangoni. Kila joto likinizidi hapa, kila nikigombana na mtu sokoni akaniambia niende kwetu, nilikuwa nakifikiria kile chumba na dirisha lake la upande wa mwembeni kwa akina shangazi, napata nguvu. Sikuwa na mpango wa kuondoka. Lakini nilikuwa na mlango, na yeye alikuwa anajua kwamba ninao.

Ramazani hakupandisha sauti. Alisema tu: "Andikia kaka yako. Umwambie ile unataka. Nitajua namna ya kukata mabao."

Ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu, na ndiyo maana nimekueleza habari za misumari kama mimi ndiye fundi. Nilikuwa nazunguka. Yeye yuko hapa mbele yangu, amekaa juu ya kigogo, msumeno uko miguuni pake, anajifanya anatazama barabara. Anajua kusoma, na nimemwambia nikimaliza atasoma.

Basi Kaka, chumba changu usikiezeke.

Nimeliandika hilo na mkono unaniuma. Usidhani nimewakataa. Mabati uliyoyaweka kwa ajili yangu yaongeze kwenye baraza la Mama, liwe pana, liwe na nguzo zake lenyewe kama alivyochora shemeji yako. Kuta za chumba changu ziache zisimame au zivunje upate matofali, vyovyote utakavyoona. Mlango wake ni mzuri, mpe shangazi aweke jikoni kwake. Nikija kuwasalimu, nitalala na Mama kitandani kwake, anisukume ukutani kama zamani. Na Mama asilie. Mwambie binti yake ana kwake, ila kwa sasa kwake kunavuja.

Nisalimie wifi yangu mkeo, mwambie kitenge chake nimempa huyu mleta barua. Nisalimie shangazi wa jikoni, na mjomba fundi baiskeli, na Bibi Tatu jirani yetu anayeniombea dua bila kuombwa. Maman Odile anawasalimu ingawa hawajui. Watoto wanamsalimu bibi yao na wanataka dagaa.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi

Nimesahau kufunga bahasha, kwa hiyo naongeza hapa chini. Ramazani ameisoma. Alifika kwenye lile neno la chumba, akarudi juu, akalisoma tena, akanirudishia karatasi. Akachukua msumeno akauning'iniza ukutani. Sasa hivi yuko mbele ya nyumba, anachomeka vijiti ardhini mahali pa nguzo, mbali na ukuta. Ameniita kutoka nje, ananiuliza barza itoshe viti bingapi. Nimemjibu viwili.