Kamba ya Wavu Mkononi mwa Eusebio

Shoga Nena, kitendawili! Mvuvi gani huvuliwa yeye? Mume wangu Eusebio!

Leo asubuhi nilikwenda naye gatini, na baridi ilikuwa ya kung'oa meno. Wenzake wote walifunga kamba za nyavu za kaa kwenye ukingo wa chuma. Yeye akajifunga mkononi, eti amsikie kaa huku vidole vimelala mfukoni.

Mkononi, Nena! Mkononi!

Simba wa baharini, yule mnyama mnene wa mapezi, akang'ata paja la kuku la chambo, akazama na wavu wote. Kamba ikakaza. Eusebio akabamizwa ukingoni, mguu mmoja ukawa hewani.

Jirani yetu Dado akamkumbatia kiuno. "Kata kamba, mzee!"

"Sikati! Wavu mpya huo!"

Nusu mtu yuko baharini, na bado anasema wavu mpya! Vidole vimeshageuka zambarau. Nikanyakua kisu cha chambo, nikakata. Wakaanguka chali wote wawili.

Na unajua aliniambia nini? Aliyatazama maji, akasema, "Consing, ungengoja kidogo. Alikuwa anachoka."