Sindano za Ng'ombe wa Tahsin

Jumanne, 20 Mei

Daktari wa mifugo amekuja. Mwanamke, anaitwa Nermin. Buti ndefu, sauti ya chini. Yeye na wenzake wa chuo kikuu wamechanja nusu ya ng'ombe wetu, nusu wamewaacha hivyo hivyo, wapate kulinganisha. Mimi nilishika kamba tu.

Mama Hanife, mama mkwe wangu, alikaa mlangoni mwa zizi akataka aelezwe. Daktari akamweleza bila haraka. Hii si chanjo ya homa, ni ya kumpiga kupe mwenyewe. Kupe atauma kama kawaida, atanyonya, lakini damu ya ng'ombe aliyechanjwa itamharibu utumbo. Wengine watakufa. Wengine watataga mayai machache, au wasitage kabisa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe siku hizi kupe wanaiona maji.

"Sasa watapungua lini?" Mama akauliza.

"Mwakani, mama. Na mwaka unaofuata zaidi."

"Mwakani," akarudia. Akainuka, akaingia ndani.

Mume wangu Tahsin alikufa Julai iliyopita. Alikuwa akiwatoa kupe kwa vidole na kuwapasua kwa ukucha, kama kila mtu hapa kwetu. Homa ya kupe, halafu damu puani, halafu kwenye fizi. Nimeandika hayo sasa hivi na sisikii kitu. Utadhani ni habari za mtu wa kijiji kingine.

Jumatano, 21 Mei

Nimekama. Nimefagia zizi. Nimegandisha mtindi. Basi.

Jumapili, 1 Juni

Bekir kaja kutoka mjini Zile. Shemeji yangu, mdogo wake Tahsin. Kaleta peremende na maneno yale yale: ng'ombe wauzwe, mama ahamie kwake mjini, mimi nirudi kwa baba yangu. Mwenye bucha kashampata.

"Shemeji, hawa ndio waliomuua kaka."

Nikamwambia ni kupe.

"Kupe walikuwa juu ya nani? Juu ya mbuzi wa jirani?" Akacheka bila kucheka. Eti sasa ng'ombe wanadungwa sindano na madaktari wa chuo kikuu, na kaka yake hakupata hata moja. Nilijua napaswa kukasirika hapo. Nikasubiri hasira — haikuja. Nikamwongezea chai.

Mama alikuwa akimenya vitunguu, vingi kuliko tulivyohitaji.

Jumatano, 11 Juni

Daktari karudi. Tumevaa glavu, tumetoa kupe kwa kibano, tukawatia kwenye chupa, za waliochanjwa mbali na za wengine. Tofauti inaonekana hata kwa macho yangu. Kwa wasiochanjwa kupe ni wanene, wa kijivu, wamejaa. Kwa waliochanjwa wengi wamesinyaa, wengine wamegeuka wekundu, damu imevuja ndani yao. Mmoja alikuwa anatembea kama mlevi kwenye kiganja changu. Daktari alifurahi mpaka mtandio ukamdondoka.

Aliniuliza, "Na wewe dada Songul, unaendeleaje?" Nikasema sijambo. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye chupa zake.

Jambo lingine. Fadime wa nyumba ya chini karudisha bakuli letu. Hataki tena mtindi wetu. Kumbe kwenye tanuri la mkate wanawake wanasema maziwa ya ng'ombe wa sindano yanafunga kizazi. Mama alivyosikia akachukua sufuria ya mtindi na kijiko, akaenda tanurini, akakaa katikati yao akala. Wote wanamtazama.

"Mimi kizazi changu kilishafunga zamani," akawaambia. "Nikifa, msile. Nisipokufa, leteni mabakuli."

Jioni Fadime katuma bakuli.

Ijumaa, 20 Juni

Jana Mama alikwenda kukata majani kwenye konde la juu, kule ng'ombe wetu hawafiki, sungura tu. Leo tukichambua dengu akaniambia, kama anayesema chumvi imekwisha, kwamba alikuta kupe nyuma ya goti. Kashamtoa. Kwa vidole. Kampasua juu ya jiwe.

Nikamwaga dengu zote.

Nimemwosha mikono kwa sabuni mara kadhaa, haisaidii lakini nimemwosha. Tumekwenda zahanati. Muuguzi kaandika, kasema tumwangalie. Homa ikipanda, tusingoje asubuhi.

Njiani Mama akasema, "Usimwambie Bekir. Atakuja na lori kuwabeba ng'ombe."

Jumapili, 22 Juni

Hakuna homa. Kala bulguri ya ngano, kanywa ayrani ya mtindi, kalalamikia chumvi. Nimemgusa paji la uso kila nikipita.

"Mwanangu, mimi si tikiti la kubonyezwabonyezwa."

Nimecheka. Nadhani nimecheka.

Jumatano, 25 Juni

Hospitali, Zile. Naandika kwenye benchi la korido.

Asubuhi alikuwa wa moto. Alitaka kuamka akame! Kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, macho mekundu. Nilimpigia Bekir, nani mwingine ana gari? Kafika haraka kuliko nilivyofikiri, shati kavaa nje ndani. Njia nzima Mama alikuwa ananielekeza: yupi kati ya ng'ombe hakamwi upande wa kushoto, yupi anapiga teke. Nikasema najua, Mama. Akasema, "Najua unajua."

Wamechukua damu. Wamemlaza chumba cha peke yake, wanaoingia wamefunikwa mpaka macho. Kama mwaka jana. Mlango wa rangi ile ile.

Bekir alikuwa anazunguka korido. Ghafla akasimama mbele yangu akasema kesho analeta lori, hao ng'ombe hawalali zizini hata usiku mmoja zaidi.

Nikasikia mtu anapiga kelele. Ni mimi.

"Ukileta lori nitalala mbele ya matairi! Kupe wa Mama katoka kondeni. Hao wa zizini waliochanjwa ndio wanaowaua kupe, Bekir. Ukiwachinja, mwakani kupe watanyonya kwa nani wafe?"

Watu wote waligeuka. Bekir alikaa chini, sakafuni, akaficha uso kwenye magoti. Mabega yanamtikisika. Nikamwekea mkono kichwani, sijui kwa nini. Nywele zake ni za Tahsin.

Tangu hapo herufi hazikai kwenye mstari. Naogopa. Naogopa sana.

Daktari alipita akasema chembe za kugandisha damu zimeshuka, kidogo, wanapima tena. Kidogo ni kiasi gani? Hakusema.

Saa hizi ng'ombe wanalia huko, viwele vimejaa. Nimemwomba Fadime kwa simu akakame. Kakubali. Nimemwambia avae glavu.

Muuguzi amefungua mlango. Anaita jina la ukoo wetu. Bekir amesimama. Mimi bado naandika.