Rezistansi ya masi

Mama Mauwa,

Maharagi iko kwa moto, uongeze maji. Mauwa asitoke inje leo. Mutu akipiga hodi, uulize kwanza ni nani, njo ufungue.

Leo asubuhi, kwa salamu ya bendera, watu wote wakiwa kimya kungojea hotuba, bafle ya Chama, kile kipaza sauti kikubwa, ikanguruma, ikatoa moshi. Watu wa Chama wanasema ni sabotaje, mutu ameiharibu makusudi. Wameniita, kwa sababu mimi njo ninatengenezaka ampli yao, mashini ya kukuza sauti.

Nimeifungua. Ndugu yako Badibanga, aliponisaidia juzi, alitoa rezistansi moja ndogo, kile kipande cha kuzuia umeme, akaweka waya tupu. Aliona inashuka kwa masi tu, ule waya wa chini, akafikiri haina kazi. Kumbe iko na kazi! Ampli iko na milango mbili ya kuingilia, na kila mulango unakunywa umeme kidogo sana. Rezistansi ile inafanya pande zote mbili zilingane. Ukiitoa, ampli inaona tofauti, inaikuza kama sauti, hata kama hakuna anayesema kwa mikro.

~~Wakikuja, uwaonyeshe kwenye Badibanga analala.~~

Hapana, mama. Umuamushe, apande treni ya mizigo ya leo. Umwambie ni mupumbavu, lakini umufungie chakula.

Mimi nitawaeleza hivi: hakuna mutu aliyesema kitu, mashini yenyewe njo ilisikia sauti. Lakini ninajua watauliza: sauti ya nani?

Ukimaliza kusoma, karatasi hii uitie kwa moto wa maharagi.

Baba Mauwa