Laini ya Gongoni Hukatwa Mara Mbili

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimelinyamazia daftari hili tangu tarehe 2 Februari, siku tatu baada ya kumzika mke wangu Levina. Sina udhuru. Kalamu ilikuwapo, mwanga ulikuwapo, na muda ndio ulikuwa mwingi kupita kiasi. Ni uzembe. Naukiri kabla ya kuandika jambo lolote, kisha tuendelee.

Miezi mitano nimeamka, nimekunywa uji, nimekaa. Sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Leo amekuja mgeni. Msichana wa shirika la umeme, jina lake Najiat, mjukuu wa marehemu Rashidi fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni. Hijabu, kofia ngumu juu yake, kishikwambi mkononi. Shikamoo babu, nimeambiwa wewe ndiye karani wa vitabu vya laini.

Marahaba. Nilikuwa. Nilistaafu mwaka 2009.

Akaeleza. Shirika linafanyiwa mageuzi. Kila mkoa utapimwa peke yake: umeme umekatika kwa saa ngapi, umepotea kiasi gani njiani. Ili hayo yapimike, kila nguzo na kila transfoma lazima iwe ndani ya mfumo wa kompyuta. Swichi kubwa zitafunguliwa na kufungwa kutoka ofisini. Hakuna fundi atakayekwenda tena na fimbo ndefu. Na ramani ya Tabora mjini wameinakili kutoka vitabu vyangu. Kwingine imewabidi kutembea nguzo kwa nguzo.

Babu, wakubwa wanavisifia, alisema. Hakuna mahali pamefutwa.

Kweli. Sikuwahi kufuta.

Nilimpa chai. Nilipoinua kopo la sukari nikakumbuka kwamba iliisha mwezi Mei. Alikunywa hivyo hivyo, akasema ni nzuri.

Anataka niende ofisini Jumatatu, watajaribu swichi. Nilikubali kwa kuwa sikuona sababu ya kukataa.


Alhamisi, 10 Julai

Upepo. Baridi asubuhi. Hakuna la kuandika.


Jumatatu, 14 Julai

Nilifika ofisini saa mbili kamili. Jengo ni lile lile, meza yangu haipo. Ukutani pana kioo kikubwa, laini zote za mji zimechorwa kwa rangi. Kila nguzo na namba yake. Namba zangu.

Msimamizi wa mafundi sasa ni Doto. Nilimjua akiwa kibarua wa kuchimba mashimo; leo ana kitambi na funguo nyingi kiunoni. Alinisalimu kwa heshima, akawaambia wenzake: huyu mzee alinirudisha Urambo kwa baiskeli kwa sababu ripoti yangu haikuwa na tarehe. Walicheka. Sikumbuki jambo hilo, lakini yawezekana.

Saa nne wakajaribu laini ya Gongoni. Wakazi walikuwa wametangaziwa. Najiat alibonyeza mara moja. Laini yote ikawa ya kijivu, maana yake haina umeme. Lakini kando yake kuna vitone vya kijani, kumi na moja. Hizo ni mita mpya. Hadi sasa zimefungwa katika nyumba kumi na moja tu. Kila mita yenye umeme hutuma ujumbe yenyewe. Vitone havikuzimika, yaani nyumba zile bado zilikuwa na umeme.

Najiat akabonyeza tena. Vitone vikabaki.

Doto akacheka. Mwanangu, Gongoni hukatwa mara mbili. Unakata ya Gongoni, unawapigia hospitali wawashe jenereta, unakata na ya kwao. Ndipo unapanda nguzo.

Najiat akauliza: kwa nini?

Sijui. Marehemu Wilbroad, msimamizi wa kikosi chetu, ndivyo alivyotufundisha. Ukisahau, kofi la kisogo.

Mbona haimo kwenye mfumo?

Mfumo haukufundishwa na Wilbroad.

Chumba kizima kilicheka. Najiat hakucheka. Alinigeukia: babu, kitabu kinasema laini hizi mbili hazigusani popote.

Nikajibu: ndivyo kitabu kinavyosema.

Nimewahi kusema maneno kama hayo, katika jengo hilo hilo. Nilichukua kofia yangu nikarudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilisalimiwa na watu, nadhani niliitikia.


Jumanne, 15 Julai

Nayaandika kwa mpangilio, maana sijawahi kuyaandika.

Januari 1998, zile mvua kubwa. Nguzo nne za mwanzo wa laini ya Gongoni zilianguka. Wilbroad na kikosi chake waliunganisha mkia wa laini hiyo na laini ya hospitali, kwa nyaya tatu fupi, kwenye nguzo iliyo nyuma ya ghala la tumbaku. Watu wakapata umeme. Alikuja mezani kwangu jioni, amelowa hadi soksi. Karani, tumeunganisha, andika.

Nilimwambia alete fomu yenye sahihi ya mhandisi.

Mhandisi yuko Sikonge. Andika basi hata kwa penseli.

Kitabu changu hakikuwa na penseli. Nilimwambia hivyo. Aliondoka. Fomu haikuja. Sikuiulizia. Nguzo nne zikasimamishwa upya, na zile nyaya tatu zikabaki.

Jumanne, tarehe 10 Machi 1998. Msimamizi wa kikosi cha pili, Lugembe, alikuja kusoma kitabu kabla ya kazi, kama utaratibu ulivyotaka. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiufuata daima. Mimi mwenyewe nilimfunulia ukurasa. Aliusoma kwa kidole, akanishukuru, akaenda. Alikata swichi ya Gongoni. Kifaa cha kupimia kilikuwa kimoja kwa mkoa mzima, na siku hiyo kilikuwa Igunga. Akamwambia kijana wake Anton: panda, hakuna kitu.

Anton alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakushuka akiwa hai.

Wachunguzi walitoka mbali, wakakaa siku mbili, hawakwenda kwenye nguzo. Waliniuliza kama laini zile mbili zimeunganishwa. Nikajibu: kitabu hakionyeshi. Wakanishukuru kwa unadhifu wa kumbukumbu. Wakaandika kwamba Lugembe alikata swichi isiyohusika. Akafukuzwa kazi.

Wilbroad hakusema. Mimi sikusema. Mwezi ule ule akaanza kuwafundisha vijana wake kukata mara mbili, na hakuwaambia sababu hadi alipokufa mwaka 2004.

Nimejiuliza kama asubuhi ile, nilipofunua ukurasa, nilizikumbuka zile nyaya. Nilizikumbuka. Niliona si kazi yangu kusema kisichoandikwa.


Jumatano, 16 Julai

Najiat alikuja jioni ya saa kumi na moja. Nilimweleza yote, kwa mpangilio wa jana. Alikuwa akichapa kwenye kishikwambi. Katikati aliacha kuchapa.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema hii mfumo inaweza kupokea kiungo kipya, si kazi kubwa. Sikumsahihisha. Inataka mahali, aina ya waya, na tarehe ya kuunganishwa. Tarehe ni lazima, babu. Ukiacha nafasi yake tupu, haikubali.

Kuna njia mbili. Akiandika tarehe 14 Julai 2025, siku tulipokigundua kiungo, laini itakuwa salama, swichi zote mbili zitakatwa pamoja, na hakuna atakayeuliza. Akiandika Januari 1998, mfumo utakilinganisha na orodha ya ajali za zamani. Nayo wameiingiza. Ajali ya Machi itajitokeza yenyewe, na taarifa itakwenda makao makuu bila mtu kuituma.

Nilimwuliza yeye angeandika ipi.

Mimi naandika utakachoniambia, babu. Lakini nikuambie ukweli, sipendi kuandika tarehe ya uongo.

Nilitaka achague yeye. Hakuchagua. Mwisho ni Jumatatu saa mbili asubuhi, wakubwa wanapokea mfumo. Hadi hapo amebandika karatasi kwenye kioo: GONGONI MARA MBILI. Doto ameapa ataisimamia.

Alipoondoka aliacha mfuko mezani. Sukari, kilo moja.


Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda Nzega na kurudi.

Lugembe anaishi karibu na njia panda. Ana mashine ya kusaga, ya dizeli. Nguzo ya umeme iko hatua kumi kutoka mlangoni pake, na hakuwahi kuvuta. Yeye aliyevuta umeme nusu ya Tabora. Nywele nyeupe zote, unga hadi kwenye nyusi.

Shikamoo, Karani.

Marahaba, Lugembe.

Akamwita mkewe: Josepha, njoo uone. Karani amegundua kwamba kuna barabara ya kuja Nzega.

Walinikaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Nilisema sitakula kabla sijasema. Lugembe akazima mashine. Nikasema yote. Nilizungumza vizuri, sauti haikutetemeka, kama mtu anayesoma tangazo. Hilo lenyewe lilinishangaza kidogo.

Aliniuliza jambo moja. Siku ile nilikata swichi sahihi?

Sahihi.

Ya Gongoni.

Ya Gongoni.

Akakaa juu ya gunia. Alianza kujipangusa unga mikononi, akajipangusa, akajipangusa.

Aliyezungumza ni Josepha. Kila Kwaresima anaungama kosa hilo, alisema. Miaka ishirini na saba. Padri mmoja alimwambia Mungu ameshasikia, inatosha. Akatafuta padri mwingine.

Lugembe akamwambia nyamaza, mama. Hakusema kwa ukali.

Kisha akanieleza, taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa. Alikuwa ameshaamini. Mwanzoni alikumbuka wazi kwamba mkono wake ulishika swichi ya Gongoni. Baada ya mwaka hakuwa na hakika. Baada ya miaka mitano aliiona kabisa, usingizini na akiwa macho, mkono wake ukishika ile nyingine. Alikwenda kwa mama yake Anton akapiga magoti. Kila mavuno alimpelekea gunia la mahindi, hadi mama huyo alipofariki mwaka 2016. Alinisamehe, Karani. Alinishika kichwa hivi, akanisamehe.

Nikamweleza habari ya tarehe, na Jumatatu. Nikamwuliza anataka iandikwe ipi.

Josepha akanikazia macho. Hata safari hii, Karani, unataka mtu mwingine akutilie sahihi?

Niliitazama sahani ya michembe.

Josepha anataka iandikwe ya kweli. Watoto wetu waliitwa watoto wa muuaji, alisema, mmoja aliacha shule. Lugembe alisema si rahisi hivyo. Anton ana mdogo wake, Damas, yuko Kitete, huko huko Tabora. Damas amekwisha kuzika hasira zake. Anamwita Lugembe baba mdogo, alimfanya mshenga wa binti yake. Amwendee leo amwambie nini? Jumapili tutakuja, akasema. Tutazungumza na Damas kwanza, kwako.

Alinisindikiza hadi stendi. Nilikuwa nikisubiri anitukane. Nilikuwa tayari. Alininunulia maji ya chupa, akasubiri hadi basi lilipoondoka.

Michembe sikuila. Josepha alinifungia kwenye karatasi.


Jumamosi, 19 Julai

Nimefagia sebule. Nimeazima viti viwili kwa jirani.

Nimeandika maelezo yangu kwa wino, ukurasa mmoja, pamoja na habari ya ukurasa niliomfunulia. Tarehe, jina kamili, Raymundi, karani mstaafu, na sahihi. Niliusoma tena. Hauna kosa lolote. Nimeuweka chini ya Biblia ya Levina usipeperuke.


Jumapili, 20 Julai

Wamefika saa saba, baada ya misa. Lugembe amevaa koti. Josepha ameleta kuku mzima, amefungwa miguu, nimemweka jikoni. Damas alikuja nusu saa baadaye, mtu mrefu, mchangamfu. Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama, shikamoo babu, kuna harusi gani hapa na mimi sikuchangia?

Hakuna aliyecheka. Akaketi.

Nilisema yangu mara ya tatu wiki hii. Nilimpa na karatasi. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akaomba, kwa adabu, niwapishe kidogo. Nyumbani kwangu. Nilitoka.

Sasa ni saa kumi kasoro. Niko chumbani, naandika juu ya kitanda. Ukuta huu ni mwembamba.

Damas aliuliza: kwa hiyo mama alimsamehe mtu ambaye hakukosa? Lugembe alijibu kitu, sikukisikia. Damas tena, kwa sauti ya juu: na aliyekosa alikuwa mjini hapa hapa, tunampita sokoni, tunampa shikamoo? Josepha akasema punguza sauti. Damas akasema hapunguzi.

Halafu Lugembe, polepole. Anasema kesho taarifa ikienda makao makuu watakuja na magari, watauliza, watapiga picha nguzo, jina la Anton litasomwa na watu wasiomjua. Uko tayari, mwanangu? Mimi nilishazoea kuitwa muuaji. Naweza kumalizia miaka yangu hivyo hivyo.

Josepha: mimi sijazoea.

Kiti kimeburuzwa.

Najiat amenitumia ujumbe: babu, mimi nitakuwa ofisini tangu saa moja na nusu. Sijamjibu. Mwandiko wa leo ni mbaya. Haujawa mbaya hivi tangu mazishi.

Nimejaribu kuwaza tarehe yangu mwenyewe, bila kuwasubiri. Ninayo. Naweza kuitamka hapa, chumbani, peke yangu. Kwenda kuitamka sebuleni ni hatua sita.

Baada ya leo sitaongeza neno katika daftari hili kabla tarehe haijaandikwa kule ofisini, iwe ipi. Siku hiyo nitakuja kuiandika na hapa, na kusema nani aliitamka.

Damas amesimama mlangoni. Anasema, njoo. Hakusema babu.