Nyekundu Ambayo Chabani Haioni

Jumanne, 12 Septemba 2017

Wee Zainabu, najigombeza mwenyewe! Toka Idi hujagusa daftari hii. Ulikuwa wapi? Usiniambie kazi. Mawese unauza kila siku na kinywa chako hakichoki. Shule hukuiona hata mulango, herufi uliziokoteza kwenye magunia ya sukari na simenti – ukizilaza hivi zitakutoka zote. Kaa chini. Andika.

Maana leo kuna la kuandika. Chabani amerudi na mushale ndani ya gunia la chumvi.

Mujukuu wangu! Aliyenibakia peke yake! Gunia alilifunga nyuma ya pikipiki, mugongoni kwake kabisa. Chumvi ikaumeza mushale. Bila chumvi angeumeza yeye. Nimeuchomoa kwa mikono yangu. Ncha ilikuwa na kitu cheusi kinanata. Nimeutupa chooni, nimenawa, nimenawa tena. Bado mikono inaniudhi.

Alipita njia ya Niemba, kwenye vita vya mishale. Motari wenzake, waendesha pikipiki wote, walibaki. Walitazama kwenye simu ule ukurasa wa entaneti wa barabara: kijani, pita, nyekundu, kaa kwenu. Niemba ilikuwa nyekundu. Nikamuuliza, ulilewa? Eti hapana Bibi, niliangalia. Ilikuwa sawa na zingine.

Sawa na zingine! Hapo nikakumbuka. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Anapanda muchikichi, anapiga kelele kutoka juu amuulize mama: hizi zimeiva? Tulicheka, yeye pia alicheka. Juu ya muchikichi hakuna anayekulenga.

Damu yangu hiyo. Imepitia kwangu, ikapitia kwa binti yangu, ikamufikia mutoto.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimeenda kwa biro, ofisi ya wenye ukurasa wa barabara. Marashi na baridi ya mashine! Shefu wao ni Adalbert, ametumwa kutoka Kinshasa, viatu vyake havijui tope la mutaa wetu wa Kataki. Nikamweleza: kuna vijana macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Kwao barabara zenu zote ni moja. Badilisheni.

Akacheka. Mama, nyekundu dunia nzima inaijua. Halafu akaongeza: kwani huyo kijana anaona kama mbwa?

Mbwa! Nikamwambia mbwa hajawahi kutuma muntu kwenye mishale. Nilitaka kutema mate kwenye zulia lake. Nikameza. Yalikuwa machungu.

Musichana mmoja akanifuata mpaka inje. Bertille. Njo yeye anayetengeneza ule ukurasa. Miwani mikubwa, mikono kama vijiti. Yeye hakucheka. Eti aliwaambia toka mwanzo, wanaume wa macho hayo ni wengi kuliko tunavyofikiri, hawakumusikia. Anaomba kumuona kijana. Nikamwambia njoo, lakini kwanza utakula.

Chabani kusikia hivyo akawa mbogo. Bibi, umeniuza! Abiria wakijua motari haoni rangi, nani atapanda? Ana haki. Nimemuapia jina lake halitatoka kinywani mwangu. Bertille naye ameapa.

Jumatatu, 18 Septemba

Bertille amekula ugali na ndakala, dagaa wetu, mpaka jasho. Vizuri. Halafu akafungua ordinateri, kompyuta yake, kwenye mukeka.

Kuna kitu ndani yake kinaazima macho ya wengine. Unabonyeza, unaona kama Chabani anavyoona. Akabonyeza. Ee Mungu! Njia ya soko na njia ya kifo – rangi moja! Rangi ya mawese yaliyomwagika kwenye tope. Hivi njo wanavyomutuma mutoto wangu barabarani, halafu wanamuuliza kwa nini hakuona!

Wakaanza kujaribu. Bertille anaweka rangi mbili, anauliza. Chabani mwanzo anajibu uso ukiwa ukutani. Hizi? Sijui. Hizi? Sijui, acha. Halafu akaweka bluu na rangi ya machungwa. Chabani akageuka. Akasogea. Akaweka kidole: hii na hii, hata nikiwa nakimbia naziona!

Akacheka. Toka vita vianze sijasikia kicheko hicho. Nilitoka inje kuchochea moto ambao hata haukuhitaji kuchochewa.

Ijumaa, 22 Septemba

Watu wanachosha! Wote!

Rangi mpya zimewekwa. Bertille aliwabembeleza mpaka wakakubali kujaribu. Bluu, pita. Machungwa, usipite. Nimeshukuru kwenye swala ya asubuhi. Nafika sokoni, namukuta Mado wa karanga amekaa. Alipaswa kuwa kwenye lori la Nyunzu. Mbona uko hapa, Mado?

– Njia imekuwa bluu, Mama Zainabu.

– Si vizuri?

– Bluu njo askari wa kofia za bluu, wa kulinda amani. Wale wanapelekwa wapi kama si kwenye vita? Mimi siendi penye bluu.

Na parkingi nzima ya malori na pikipiki inasema hivyo! Chini ya ramani imeandikwa wazi maana yake. Nani anasoma chini? Wanachungulia rangi, wanafunga simu kuokoa betri. Karanga zinaoza Nyunzu, watoto wa kambi ya waliokimbia vita wanalamba vidole vitupu.

Ya pili imenimaliza. Motari mmoja alikuwa ameshawasha, anaenda Niemba. Kwenye machungwa! Eti hiyo si rangi ya udongo? Barabara gani ya huku si ya udongo? Chabani alimunyang'anya ufunguo. Yeye, asiyeona!

Adalbert anafurahi. Nimemukuta na kijiti cha meno mudomoni: Mama, nilikwambia. Tunarudisha za zamani. Kile kijiti kilikuwa kinacheza-cheza. Nimerudi nyumbani sikula.

Jumatano, 27 Septemba

Mukutano kwa parkingi. Nyekundu na kijani zimesharudi. Adalbert akapanda juu ya kreti: huyo asiyeona rangi asimame tumuone. Kama yuko kweli.

Bertille akatazama viatu vyake, hakuinua macho. Mimi niliuma kitambaa changu. Kiapo ni kiapo.

Chabani akasimama. Mwenyewe! Ni mimi, akasema.

Kelele! Mmoja: njo maana kofia yako ya pikipiki ni ya pinki! Mwingine: Chabani, shati yangu ni rangi gani? Mujukuu wangu akamutazama juu mpaka chini: rangi ya muntu asiyenawa. Wakalipuka. Hata mimi.

Halafu Papa Moustapha akainuka, yule muzee wa malori, na kelele zikafa. Na mimi, akasema. Nyaya za taa za lori langu anaziunga mke wangu, mimi nashika tochi. Mulikuwa mukijua? Hamukujua. Na munapanda.

Akamugeukia Adalbert. Shefu, lori likikufa kwenye kona, tunapaka barabara rangi? Tunakata matawi, tunayalaza njiani. Anayekuja anasimama. Mulevi anasimama. Rangi yako iweke, lakini laza na tawi.

Bertille alishafungua ordinateri kwenye kiti cha pikipiki. Hapo hapo, akachora matawi juu ya nyekundu. Kijani akaiacha wazi. Akaizungusha kwa watu. Hii njia vipi? Imefungwa. Wewe? Imefungwa. Mado naye: imefungwa, kwani mimi mujinga?

Adalbert akafuta jasho. Eti tujaribu, lakini Kinshasa lazima ikubali. Nikawaza: mama yako angekuwa Niemba ungengoja Kinshasa? Nikasema pia. Kwa sauti.

Jumapili, 1 Oktoba

Matawi yako kwenye simu za watu wote. Vijana wameshakuwa na wimbo wao: hakuna tawi, hakuna hofu. Malori yanaenda, yanarudi. Mado amejaza karanga. Bertille amekuja kula, nimemuongezea bila kuuliza.

Lakini Chabani! Abiria wa mujini wamemukimbia. Wanasimama mbele yake, wanamuonyesha kitambaa, hii rangi gani motari? Wanacheka, wanapanda pikipiki ya jirani. Alisimama kwa ajili yao, sasa wanamunyima kula. Walaji matapishi! Nimewasema mbele ya musikiti mpaka imamu akafunga dirisha.

Kilichobaki kwake ni chumvi ya Nyunzu tu. Njia ndefu, na ya mukato inapita Niemba.

Jumanne, 3 Oktoba

Chabani ameondoka asubuhi na chumvi. Nilimwambia tazama simu kwanza. Nilikuwa napima mawese, mikono imejaa, sikusogea kuona. Akatazama yeye. Bibi, hakuna tawi hata moja leo, kote wazi! Alifurahi. Nikamufungia muhogo wa kuchemsha. Nikamwambia nenda.

Sasa hivi Bertille ameingia anakimbia, kiatu kimoja mukononi. Adalbert amerudisha ukurasa wa zamani alfajiri, hakumwambia. Kinshasa haikupenda. Eti matawi yanachafua ramani. Wameyafuta yote. Niemba ni nyekundu toka jana jioni.

Nyekundu tupu. Bila tawi.

Kote wazi! Mutoto wangu ameona kote wazi!

Simu yake haipatikani. Ukishavuka vilima hakuna rezo, hakuna mutandao wa simu. Bertille amepiga mpaka betri yake imekufa, sasa anapiga kwa yangu. Adalbert yake inaita, hapokei. Ptu! Safari hii nimetema, kwenye sakafu yangu mwenyewe.

Motari wawili wameondoka kumufuata. Mmoja njo yule wa shati. Hakusema kitu. Alivaa kofia, akaniuliza Chabani alipita saa ngapi, akawasha. Nimempa bidoni ya mafuta ya Chabani, na muhogo uliobaki.

Bertille amesimama mulangoni, hataki kukaa. Eti Bibi, ni ukurasa wangu. Nimemwambia mutoto, hukuyafuta wewe, kaa. Nimemuvuta mukono. Amekaa. Anatetemeka kama kifaranga cha mvua. Nimemufunika kitenge, naandika na mukono mwingine.

Kuna pikipiki inakuja upande wa daraja. Hapana. Imepita.

Zainabu, sikiliza. Siku utakayofungua tena daftari hii, usianze na matusi. Usianze na Adalbert. Mustari wa kwanza, andika Chabani amelala wapi. Kama bado hujui, usifungue.