Lenzi ya Baba na Safu ya Walimu

Jumamosi, 1 Machi

Naanza leo, tarehe mosi, na ninaahidi: nitaandika yote, hata ya aibu, hata ya nyumbani. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema shajara ya uongo ni kupoteza wino.

Basi, lenzi ya Baba imefika! Ni mpya kabisa, ila imetengenezwa ionekane ya kale: pete za rangi ya shaba, namba za kuchongwa, kifuniko cha chuma chenye kitambaa laini ndani. Baba anasema ni nakala ya lenzi ya zamani ambayo wenye nayo duniani ni wachache, na wote ni matajiri au wamekufa. Haina umeme wowote. Kulenga ni kuzungusha pete kwa mkono. Tundu lake likifunguliwa lote linameza mwanga ajabu — Baba alipiga picha ndani ya kabati na nguo zikaonekana.

Ili kuipata alitoa lenzi zake zote tatu za studio. Mama aliuliza, kwa upole, kama hii moja itafanya kazi ya zile tatu. Baba akasema itafanya kazi ambayo zile hazikuwahi hata kuiota. Mama akarudi upande wake wa pazia linaloigawa studio, kwenye cherehani.

Nami nilipigwa picha. Jicho la kushoto limetoka safi, kope zote unazihesabu. La kulia limo kwenye ukungu. Baba anasema huo ndio usanii. Nimeipenda kweli. Kwa jicho moja mimi ni mrembo.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi wa jirani amerudisha picha zake za pasipoti. Karani amezikataa. Amemwambia hana masikio.

Baba alimweleza kwamba pua yake imelengwa vizuri sana, na kadiri unavyoiacha pua ukaelekea nyuma, ndivyo picha inavyolainika. Kinyozi akajibu kwamba hasafiri na pua peke yake.

Nilimwambia Baba kwamba pete ya tundu ikizungushwa hadi namba nane, tundu litabanwa na masikio yatarudi. Nimesoma kwenye karatasi iliyokuja na lenzi. Baba alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mtu hajengi mlango mpana hivi halafu aingilie dirishani."

Kwa hiyo tundu halifungwi. Hata mchana wa jua kali, halifungwi.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wamepungua. Wanaenda kwa Bwana Simu, yule anayepiga picha kwa simu popote ulipo na kukutumia kabla hujafunga mdomo. Mama alisema jioni, bila kuinua kichwa, kwamba tusipopata kazi kubwa muhula huu, cherehani itahitaji chumba chote. Baba alicheka. Mimi sikucheka, maana Mama alikuwa tayari anapima pazia.

Kazi kubwa ninaijua: picha za wahitimu wa shule yetu. Wasichana wote wa mwaka wa mwisho, mmoja mmoja na kwa makundi, na wazazi juu yake. Leo nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nilishika mikono nyuma, nikatoa shikamoo, nikasema nilichokuwa nimekariri. Mkuu akasema sawa, baba yangu aanze na picha ya walimu ya kutundikwa ofisini. Ikipendeza, wahitimu ni wake. Isipopendeza, Bwana Simu ameshapiga hodi.

Nimerudi nyumbani mbio!

Jumanne, 11 Machi

Picha imepigwa. Walimu kumi na tano, safu tatu, mbele ya ofisi. Mkuu kwenye kiti katikati, mbele. Makamu wake nyuma yake, amesimama wima — sisi humwita Rula.

Baba alilenga pua ya Mkuu. Alichukua muda mrefu, hata mwalimu wa hesabu akauliza kama tunachorwa. Nilimnong'oneza Baba: namba nane. Akaninong'oneza: dirishani.

Wakati huohuo Mkuu akainama kidogo mbele, kuvuta sketi yake ifunike goti. Baba akageuza pete kumfuata, upande usio wake, akabonyeza.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika yote, niliahidi.

Mkuu ni ukungu. Ana umbo la mtu, ana kitambaa cha bluu, basi. Safu ya nyuma nayo ni ukungu. Lakini pale katikati, juu ya bega la Mkuu, Makamu ametoka mzimamzima, mkali kama sindano. Vifungo vinang'aa. Hata kalamu ya mfukoni inasomeka imetengenezwa wapi.

Na shule nzima inajua Makamu anakitaka kile kiti.

Makamu ameagiza nakala tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya walimu imegawanyika. Wapo wanaosema ni bahati mbaya. Wapo wanaosema mpiga picha hawezi kukosea hivyo bila kutumwa. Mwalimu wa historia amesema hata falme huanza hivi. Chai imenywewa kwa meza mbili.

Mtu ameitundika picha ofisini kabla ya Mkuu kufika. Hakuna aliyeitundika. Nimeulizwa hata mimi.

Nyumbani Baba ameitazama picha kwa muda mrefu, akasema ule mpito kutoka bega la Mkuu hadi tai ya Makamu ni mlaini kama siagi. Mama akamuuliza siagi hiyo nani ataila.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeitwa ofisini mara mbili. Sijawahi kuitwa hata mara moja.

Kwanza Mkuu. Aliniambia nikae, jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi. Picha itarudiwa Jumatatu, na safari hii nitalenga mimi, maana mimi ni mwanafunzi wake na baba yangu si mwanafunzi wake. Nilifurahi, nikamweleza habari ya namba nane: tukifunga tundu, walimu wote kumi na tano wataonekana sawasawa. Nilidhani nimemletea habari njema.

"Binti yangu, kila mtu akionekana, nani atajua Mkuu ni nani?"

Anataka ile ile tuliyopiga, ila ukungu uhamie kwa wengine. Hasa nyuma yake.

Halafu Makamu, kwenye korido. Aliniuliza masomo yanaendeleaje. Akanikumbusha, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Mkuu huahidi, lakini mwenyekiti wa kamati ya mahafali ni yeye, na mpiga picha wa wahitimu hapiti bila sahihi yake.

"Ile picha ilisema kweli, binti. Usiende ukaisahihisha."

Nilisema ndiyo, Mwalimu. Ofisini nako nilisema ndiyo, Mwalimu. Sikujua neno lingine.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa nyuma ya kamera, shajara juu ya goti. Muda ninao, maana walimu bado hawajajipanga.

Siri ya lenzi imevuja. Wote sasa wanajua kuna mstari mmoja tu unaotoka safi. Hakuna anayekubali kusimama nyuma. Mwalimu wa hesabu amevuta kamba toka nguzo hadi nguzo, na wote kumi na tano wako kwenye kamba, bega kwa bega, Makamu akiwa ameegemea kiti cha Mkuu. Mhasibu aliambiwa arudi nyuma kwa kuwa ni mrefu. Amepiga magoti.

Mkuu aliiona kamba. Akasogeza kiti chake hatua moja mbele. Makamu akasogea hatua moja mbele. Safu nzima ikasogea. Mkuu akasogea tena. Wakasogea tena, kamba nayo, mwalimu wa hesabu ameifungua nguzoni, anaishika kama anaongoza ng'ombe. Baba na mimi tunarudi nyuma ili tuwapate wote, na sasa Baba amegusa ukuta wa jiko. Hakuna pa kwenda. Wao bado wanakuja, wanatabasamu.

Mkuu ananitazama. Makamu ananitazama. Bwana Simu yuko getini, simu mkononi, hana haraka. Baba ameniachia pete, jasho linamtoka. Amesema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nifanye ninavyoona.

Shajara, nijibu sasa hivi, kabla kiti cha Mkuu hakijanigonga magoti: nikiwapiga kwa namba nane, wote waonekane, kuna hata mmoja wao atakayetusamehe?